Bahari Isiyopwa

Sani Siti, Afrika Kusini
28 Septemba 1997

Kwa mke wangu wa utani, Sikujua binti Abdulswamadu, Mbwera.

Pokea salamu za mwanamume anayelalia mito sita na kichwa alichonacho ni kimoja. Mimi mzima, mashavu yameanza kujaa, na kama mumeo Dadi angeniona leo angekuleta kwangu mwenyewe, tena kwa nauli yake. Mama yangu mwambie koti alilonishonea limesifiwa na wazungu. Si kweli, lakini mwambie hivyohivyo. Mjomba, baba yako, mwambie shikamoo, na kile kitambaa chake chenye mbegu ya mpunga wa shamba lake la Nyamkole ninacho mfukoni, sijakiacha hata ninapokwenda msalani. Agizo nalikumbuka: nikifika kwenye mabwawa ya kufugia kamba niiroweke kwenye maji yanayotoka humo, nitazame kama itaota au itaoza, ndipo nyie huko muujibu mfereji wa kampuni ndiyo au hapana.

Sasa kaa kitako nikusimulie, maana tangu ukoo wetu uanze kula pweza hakuna aliyefika nilikofika. Sisi tuliotumwa na vijiji tulishukia Johanesibagi, tukapita mji unaitwa Rustenburg, kisha pori, tena pori kavu la mawe ambalo mbuzi wa Kibiti angeliona angerudi nyumbani. Katikati ya pori hilo, mji. Majumba yenye minara, tembo wa mawe, maua yanamwagiliwa mchana kutwa. Ndio Sani Siti, mji wa kamari. Bwana Pita, yule mzungu wa kampuni ya kamba, anasema kwanza tupumzike hapa, halafu ndiyo twende huko pwani kwenye mabwawa yao.

Hapa nitakapoandika sasa usisome kwa sauti Mjomba akiwepo. Ndani ya nyumba ya kamari hakuna dirisha wala saa. Watu wamekaa mbele ya mashine kimya, mmoja mmoja, kama akina mama wanaongoja kupima watoto zahanati. Mashine ina mkono, unauvuta, matunda yanazunguka, yakilingana inatapika sarafu kwa kelele ya bati linaloangukiwa na maembe. Bwana Pita alitupa kila mmoja kikombe cha sarafu za kuanzia. Mzee Abbasi, aliyetumwa na watu wa Mohoro, alikirudisha chake, akatoka nje na tasbihi yake. Mimi nilichukua. Nimetembea na meli mpaka Durban na Mombasa, nimepikia mabaharia wa kila rangi, siwezi kuogopa kikombe.

Haya, sasa endelea kwa sauti. Wamejenga bahari. Usicheke. Pori kavu, nao wana bahari, na ufukwe wa mchanga ulioletwa kwa malori. Inalia honi, mashine inasukuma, wimbi hilo linakuja refu kuliko mlango wa nyumba yenu. Mimi mtoto wa Mbwera nikajitosa niwaonyeshe. Mke wangu, wimbi la umeme halina adabu. Lilinibeba, likanibwaga, nikameza maji mpaka masikio yakaziba, na kaptula ilibaki kidogo inikimbie. Aliyenishika mkono kunitoa ni bibi wa kizungu rika la mama. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Halafu nikamuuliza mlinzi bahari yao inapwa wakati gani. Akanitazama kama mgonjwa. Haipwi, mke wangu. Haipwi wala haijai.

Tukitoka mabwawani nitakuandikia tena.

Mumeo asiyelipa mahari,
Mshamu

*

Sani Siti
5 Oktoba 1997

Mke wangu Sikujua,

Salamu ni zilezile na mito ni ileile. Naandika mbiombio maana Sadala, karani wa kampuni, anarudi kesho na amekubali kukuletea hii mkononi, na boti ya kampuni itamfikisha Mbwera kabla wino haujakauka. Mzee Abbasi na wale wa vijiji vingine hawapo, wametoka kidogo. Mimi nimebaki, nilikuwa na shughuli.

Mwambie Mjomba mbegu nimeiroweka. Nimeiroweka katika bahari yao, ndani ya kitambaa chakechake, nikaitunza kama yai. Imeota. Imechipua yote, hakuna hata punje iliyogoma. Namletea kwa mkono wa Sadala aione kwa macho yake, asije akasema Mshamu ana maneno mengi.

Bahari yao haina ugomvi na mpunga. Mwambie hivyo.

Mama msalimie. Na Dadi mwambie ajiandae.

Mshamu

*

Mbwera
20 Oktoba 1997

Kwa mume wangu wa hewani,

Tumepokea salamu zako na sisi tunazirudisha. Baba mzima ila goti. Shangazi Mwanamkuu, mama yako, mzima, koti lako limemfanya atembee Mbwera nzima akilitaja kana kwamba ndilo lililosafiri na wewe ukalisindikiza. Mimi nina ujauzito wa tatu, na Dadi anasema mtoto akizaliwa na maneno mengi atajua wa nani.

Barua yako imefika kwa Sadala. Unaandika "zilezile" na "ileile" kana kwamba ulishaandika kabla. Hatujapata nyingine.

Mkutano ulifanyika shuleni. Sadala aliisoma barua mwenyewe, kwa sauti ya kumsomea kiziwi. Watu walinung'unika, maana tangu Ramadhani wazee walikuwa wamekataa huo mfereji kupita Nyamkole. Mwalimu Zefania akauliza, kwa adabu, kama Mshamu ameyaona mabwawa yenyewe. Sadala akasema, kwani barua si hii hapa? Ndipo Baba akaomba kitambaa. Akakifungua, akaimwaga mbegu kiganjani, akaitazama kwa muda, halafu akaipitisha kwa wazee kila mmoja aishike. Vichipukizi vilikuwa virefu, vimeanza kusokotana. Baba akasema, "Mtu anaweza kuhongwa. Mbegu utaihonga nini?"

Wazee wakaweka dole gumba kwenye mkataba mmoja baada ya mwingine, Baba wa kwanza. Mfereji utapita.

Mimi sina ninalolijua la kamba wala mikataba. Nakuuliza kitu kimoja tu. Wewe ukila andazi unaandika kurasa mbili. Mbona mabwawa hukuyaeleza hata mstari? Yakoje? Maji yakitoka yanakwenda wapi?

Nijibu kabla sijajifungua.

Sikujua

*

Durban
14 Desemba 1997

Mke wangu mpenzi na mama wa watoto wa mtu mwingine,

Barua yako imenifuata mpaka huku. Nimefurahi kusikia goti la Mjomba bado linalalamika, maana kulalamika ni uhai. Huyo wa tatu akiwa wa kiume muiteni Mshamu, akiwa wa kike muiteni Mshamu vilevile.

Shika khabari. Sirudi sasa. Kampuni imenipa kazi, mpishi wa wageni wao hapa Durban. Bwana Pita alinipigapiga bega mbele ya watu akasema mimi nimewasaidia kuliko mawakili. Napika kamba kwa nazi, wazungu wanalamba vidole mpaka pete zinataka kutoka. Nina chumba, nina feni, nina kofia nyeupe ndefu ambayo ikikaa mezani watu wanaisalimia. Nawatumieni doti ya kanga yako, viatu vya mama, na redio ya Mjomba, tena ya betri ndogo. Asikilize mpira akiwa juu ya dungu analinda ndege. Shamba zima litamheshimu.

Kuhusu mabwawa, mke wangu, bwawa ni bwawa. Shimo, maji, kamba. Nani anakaa kuandika barua ya shimo?

Watu wa huku wanasema mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa. Pandisheni vitu juu.

Mshamu, Mpishi Mkuu

*

Mbwera
3 Mei 1998

Mtani,

Tuko hai. Naanza na hilo maana umesikia redioni. Elinino ilikuja kama ulivyosema, mto ukatoka kitandani mwake, barabara ya Kibiti ikakatika, tukahamia darasani kwa Mwalimu Zefania na kuku wetu. Mama yako alibebwa mgongoni na Dadi na njia nzima alikuwa akimkosoa anavyotembea. Nimezaa, wa kike. Anaitwa Maimuna, samahani. Kanga imefika na viatu vimefika. Redio imefika, Baba anailaza kwenye mkeka wake mwenyewe.

Na barua yako ya kwanza imefika. Ile ya Septemba. Ilikuwa posta Kibiti muda wote huo, Mwalimu Zefania kaikuta alipofuata mshahara. Nimewasomea. Pale uliponikataza niliruka. Penye wimbi Baba alicheka mpaka akashika mbavu, mama yako akasema ungezama ingekuwa aibu ya ukoo kufia kwenye beseni.

Halafu Baba akaniambia nirudie pale. Nikarudia. Honi, mashine, mchanga wa malori, bahari haipwi. Akaacha kucheka. Akauliza, "Hii bahari ya mashine, na ile aliyorowekea mbegu yangu, ni bahari moja au mbili?"

Nikamwambia sijui, nitamuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza, Mshamu, utani nimeuweka pembeni kidogo. Uliandika kuwa ulimeza maji. Sisi tumekulia hapa, mtoto wa miaka mitatu akilamba kidole anajua kama mto unashinda au bahari inashinda. Ulipoyameza, yalikuwa na chumvi? Na Mzee Abbasi na wenzake "walipotoka kidogo" walikwenda wapi?

Maji ya mto yakishuka, matingatinga ya mfereji yatakuja. Sadala anasema baada ya mavuno. Jibu upesi.

Sikujua

*

Durban
30 Agosti 1998

Mke wangu hakimu,

Barua yako nimeisoma nikahisi nimesimama mahakama ya mwanzo bila shahidi. Hongera kwa Maimuna. Namtumia gauni lenye kola ya duara, na sabuni za harufu, na Dadi shati, ingawa hastahili. Mama mpeni hii miwani, nimeijaribu mwenyewe, nimeona mpaka Msumbiji.

Huku baridi imekaza. Jikoni wameleta mpishi mwingine, kijana, anakaanga kila kitu. Tumepishana kauli. Bwana Pita siku hizi nikimpigia naambiwa yuko kikaoni, mtu huyu anapenda vikao kama mbu anavyopenda shingo. Siku za mapumziko napanda basi naenda Sani Siti, ni mbali lakini nimezoea, pale watu wananijua. Kuna mashine moja pembeni karibu na nguzo, imebaki kidogo sana itoe. Niliiacha pabaya siku ile.

Mengine tutaongea tukionana, maneno mengine hayataki karatasi.

Ila nilikuwa nawaza tu. Kama matingatinga bado hayajaja, Mjomba anaweza kuwaambia wasubiri kwanza. Mtu ana haki ya kusubiri. Aseme goti linamuuma, aseme anataka kuwaza upya. Ni wazo langu tu, si kwamba kuna kitu. Lakini kama bado hayajaja, mwambie.

Msalimie sana.

Mshamu

*

Mbwera
11 Aprili 1999

Kwa Ndugu Mshamu,

Nimepokea barua yako ya Agosti mwezi wa Januari. Shangazi ni mzima. Baba ni mzima. Maimuna anatembea.

Mfereji ulichimbwa Oktoba. Walifyeka mikoko, wakapasua moja kwa moja kutoka kijito cha chumvi mpaka walipotaka kuweka mabwawa, wakapita kando ya Nyamkole kama ilivyokubaliwa. Tukapanda. Tukapandikiza mwezi wa pili, miche ilikuwa kijani kibichi, nikasema labda nilikuwa na wasiwasi wa bure. Likaja bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Bahari ikapanda mfereji bila kazi ya kutafuta njia, ikaingia shambani, ikakaa. Maji yalipopwa yaliacha weupe ardhini kama unga. Miche ikageuka njano kuanzia nchani. Bamvua la pili halikukuta cha kuua. Kanga yako nilikuwa nimejifunga wakati wa kupandikiza. Nimeifua mara nyingi, pindo bado linakauka na chumvi.

Baba anapanda dunguni kila asubuhi. Tumemwambia hakuna mpunga, na ndege wenyewe hawaji. Anasema anajua.

Mwezi uliopita nilikwenda Mohoro kwenye msiba, nikakutana na Mzee Abbasi. Kule walikataa. Nikamuuliza kwa nini wao walikataa na yeye alisafiri nawe gari moja. Akasema, "Hatukuwa gari moja, mwanangu. Siku ya kwenda mabwawani tulimfuata kwenye mashine. Akatuambia nendeni tu, hii inakaribia kutoa." Akaniambia alichokiona huko. Maji yaliyotoka yalikuwa yanawasha mkono, na majani ya pembeni yalikuwa yamekauka mpaka kwenye barabara. Yeye pia alikuwa na mbegu. Ilioza.

Nilirudi, nikawaeleza wazee. Niliwaeleza na lile la kikombe cha sarafu nililokuwa nikiliruka. Wengine walitaka kukusemea, wakasema Mshamu ni mtani, toka utoto wake maneno yake ni ya kuchezea, na mtani hashikwi kwa alilosema. Wewe unajua ni kweli. Ungeniita jina gani, ungemtukana Dadi namna gani, ungelala kaburini kwetu ukakataa kutoka mpaka upewe kitu, hakuna ambaye angekuuliza.

Baba ndiye aliyesema basi utani uondolewe. Hakukasirika. Alisema, "Akiwa mtani hatuwezi kumuuliza, na mimi nataka kumuuliza." Wakakubaliana. Kwa hiyo kuanzia sasa mimi si mke wako wa utani na wewe si mume wangu. Wewe ni Ndugu Mshamu, mtoto wa Shangazi Mwanamkuu, na neno lako ni neno.

Redio nimempa Mwalimu Zefania airudishe kwa njia ya posta. Betri Baba alikuwa amezitoa siku nyingi.

Anakuuliza swali lilelile. Maji yale yalikuwa na chumvi?

Sikujua binti Abdulswamadu

*

Rustenburg
20 Juni 1999

Kwa Ndugu Sikujua,

Mjomba shikamoo. Mama shikamoo.

Hayakuwa na chumvi. Nilijua nilipoyameza, na nilijua niliporoweka.

Mzee Abbasi amesema kweli. Mashine haikutoa.

Durban nimeondoka. Niko hapa Rustenburg naosha sufuria. Redio imenifuata mpaka huku, imepasuka kidogo pembeni.

Mwezi huu tungekuwa tunavuna. Kama Mjomba anataka nije nikae naye dunguni, nijibu. Kama hataki, usijibu.

Mshamu